Falsafa na Imani Yangu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mwaka wa masomo unapoanza. Huulizwa na wanachuo wa mwaka wa kwanza baada ya kipindi, na mafrateri (vijana wanaoandaliwa kuwa mapadri) wanaosoma falsafa kabla ya teolojia, na vijana waliokulia madrasa, na wazazi wanaopiga simu wakiwa na hofu. Nafundisha utangulizi wa falsafa, na nimeyakusanya hapa kwa sababu anayeuliza karibu kila mara anadhani yuko peke yake. Yana namba ili uweze kuruka moja kwa moja kwenye lako.

## Kabla ya kuanza

1. Falsafa inafundisha nini hasa, na kwa nini inagusa dini?

Inafundisha kutafuta sababu na kuzipima. Huanza na mantiki: hoja ni nini, hitimisho linafuataje kutoka kwenye madai yaliyolitangulia, na hoja huharibika wapi. Kisha huja maswali yenyewe: tunajuaje yale tunayodai kuyajua, mtu ana uhuru wa kutenda au la, jema ni lipi, na kwa nini kuna ulimwengu badala ya kutokuwa na kitu.

Dini nazo zinajibu maswali hayo hayo, na wengi wetu zilitujibu kabla hatujaweza kuuliza. Mtoto wa Kikatoliki hukariri katekisimu kwa ajili ya komunyo ya kwanza. Mtoto wa Kiislamu huhifadhi sura fupi angali mdogo kabisa. Sioni ubaya katika hilo. Ila ukifika chuoni ukaambiwa "toa sababu", unagundua kwamba majibu unayo, lakini sababu hukuwahi kuombwa. Mshtuko wa kwanza hutoka hapo, hata kabla mwalimu hajamtaja Mungu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Nairobi vyote vimeiweka falsafa na taaluma za dini katika idara moja. Mwanafunzi anayeingia akidhani hayo ni masomo mawili yasiyokutana hubadili mawazo mapema.

2. Ni kweli kwamba ukisoma falsafa unapoteza imani?

Wapo wanaoipoteza, na sipendi kumficha mtu hilo. Wapo wanaobaki nayo. Wapo pia walioingia bila dini wakatoka nayo. Edith Stein alizaliwa katika familia ya Kiyahudi huko Ujerumani, akaacha kusali akiwa kijana, akasoma falsafa chini ya Edmund Husserl, akabatizwa Mkatoliki mwaka 1922. Wanazi walimuua Auschwitz mwaka 1942. Antony Flew wa Uingereza alitetea ukana Mungu kwa miaka mingi, kisha mwaka 2004 akatangaza kwamba hoja zimemfikisha kukubali kuwa Mungu yupo, ingawa hakujiunga na dini yoyote.

Ninachokiona darasani mara nyingi ni cha katikati. Imani inabaki, lakini mwenye nayo anaishika kwa namna nyingine. Aliyekuwa anaamini kwa sababu baba anaamini huanza kujiuliza katika malezi yake lipi ni dini, lipi ni desturi ya nyumbani kwao, na lipi lilikuwa woga tu. Kuyatenganisha hayo matatu kunauma. Ndiyo maana sikubaliani na wanaowatuliza waumini kwa kuwaambia kwamba somo hili halitawagusa. Litawagusa.

Wengine hupenda kumtaja mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, aliyesema kwamba falsafa kidogo humsogeza mtu kwenye ukana Mungu na falsafa ya kina humrudisha kwenye dini. Maneno hayo yanafariji, lakini hayamhusu kila mtu. Wapo waliosoma kwa kina wasirudi, na kuwaambia kwamba hawajasoma vya kutosha ni kuwavunjia heshima.

3. Nasikia wanafalsafa wengi hawamwamini Mungu. Ni kweli?

Kwa vyuo vilivyoulizwa, ndiyo. Mwaka 2009 mradi wa PhilPapers, hifadhi ya mtandaoni ya maandishi ya falsafa, uliwahoji walimu wa falsafa, wengi wao wakiwa katika vyuo vya Amerika Kaskazini, Ulaya na Australia. Karibu asilimia 73 walisema wanakubali au wanaelekea ukana Mungu, na karibu asilimia 15 walikuwa upande wa kuamini. Lakini miongoni mwa waliobobea katika falsafa ya dini, karibu asilimia 72 walikuwa waumini.

Usikimbilie kuifurahia takwimu ya upande wako. Huenda wanaobobea katika falsafa ya dini huichagua kwa sababu tayari wana imani, na huenda wengine wameacha dini kwa sababu zisizohusiana na falsafa, kama jamii wanamoishi. Hesabu ya watu haiwezi kufanya kazi ya hoja, iwe ni ya maprofesa au ya waumini uwanjani.

4. Je, dini yangu inaruhusu nisome falsafa?

Kwa Wakristo, mstari unaotajwa sana ni Wakolosai 2:8, ambapo Paulo anaonya watu wasitekwe na elimu ya bure ya madanganyo. Onyo hilo lipo, na ni halali. Lakini Paulo huyo huyo, katika Matendo sura ya 17, anabishana na wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko mjini Athene, tena anawanukulia washairi wao wenyewe. Mtu aliyekataza kabisa falsafa asingeijua kiasi hicho. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alitoa waraka mzima kuhusu imani na akili mwaka 1998, akisisitiza kwamba vyote viwili vinahitajiana.

Kwa Waislamu mjadala ni wa zamani zaidi na mkali zaidi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima kuwapinga wanafalsafa katika masuala 20. Katika matatu aliwahukumu kuwa wamekufuru: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mungu hajui mambo madogo madogo mojamoja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Anayekataza falsafa akamtaja Ghazali hajasema uongo. Ila Ghazali huyo huyo alianza kitabu chake cha usuli (misingi) wa sheria kwa mantiki, akisema asiyeimudu elimu yake haiaminiki. Aliwapinga wanafalsafa baada ya kuwasoma kwa makini. Ibn Rushd, kadhi wa Andalusia (Hispania ya Waislamu) aliyefariki mwaka 1198, alimjibu hoja kwa hoja, akashikilia kwamba sheria yenyewe inamtaka mwenye uwezo atafakari kwa akili. Katika karne ya 13 mwanazuoni wa hadithi Ibn al-Salah alitoa fatwa ya kuharamisha mantiki na falsafa. Kwa hiyo ukiuliza msimamo wa wanazuoni, jibu la haki ni kwamba wamehitilafiana, na sisi wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi tunapaswa kukumbuka kuwa Ghazali na Ibn al-Salah wote ni wa madhehebu yetu.

5. Kama ni hatari, mbona Kanisa Katoliki linawasomesha mafrateri falsafa kwanza?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka mafunzo ya upadri yawe na angalau miaka miwili kamili ya falsafa. Hapa Tanzania seminari kuu za Kibosho na Ntungamo zinajulikana hasa kwa hatua hiyo. Sababu ni kwamba teolojia inatumia maneno kama nafsi, dhati, sababu na uhuru, na asiyeyapima mwanzoni atayarudia bila kuyaelewa. Kuna sababu nyingine ambayo walezi wachache huisema waziwazi: ni afadhali frateri akutane na shaka akiwa mwanafunzi kuliko akutane nayo kwa mara ya kwanza akiwa paroko, na mjane amekaa mbele yake anasubiri jibu.

## Yanayotokea darasani

6. Nimesoma wiki chache tu, tayari nina shaka. Nina tatizo?

Hapana. Shaka ni sehemu ya somo, na wengine wameipitia kwa ukali kuliko wewe. Ghazali ameeleza kwamba kwa karibu miezi miwili hakuweza kuamini hata alichokiona kwa macho yake. Aliona kivuli kimetulia, kumbe kinasogea. Nyota aliiona ndogo, kumbe hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia. Akajiuliza kama akili nayo haitakuja kukanushwa na kitu kilicho juu yake, kama akili inavyoyakanusha macho. Anasema hakutoka humo kwa hoja, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mwaka 1641 mwanafalsafa Mfaransa Descartes alichapisha tafakuri inayopita karibu njia ile ile, na yeye akadai ametoka kwa hoja: nafikiri, kwa hiyo nipo.

Naomba uone jambo moja katika simulizi la Ghazali. Alipata msukosuko wa pili, mwaka 1095, akiwa mwalimu maarufu wa Baghdad. Safari hii hakuwa na shaka juu ya Mungu. Aligundua kwamba anafundisha kwa ajili ya sifa. Ulimi ukafunga, akashindwa kufundisha, akaondoka mjini. Wanafunzi huja kwangu wakisema "nimepoteza imani", na tukikaa tukazungumza inaonekana kuwa msukosuko wao ni wa aina hii ya pili: wameona unafiki, wao wenyewe au wa viongozi wao. Ni jambo zito, lakini dawa yake haipo kwenye hoja za kuwepo kwa Mungu.

7. Ni hoja gani inayowatikisa watu zaidi?

Mateso. Hoja nyingine huwatikisa watu siku ya mtihani. Hii inaenda nao nyumbani. Kwa ufupi inasema: kama Mungu ni mwema kabisa na muweza wa yote, anataka na anaweza kuzuia maovu, maovu yapo, basi Mungu wa namna hiyo hayupo.

Sisi tunaijua kabla hatujaisoma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Kanda ya Ziwa bado wapo wanaohesabu umri wa watoto wao kwa ajali ile. Msibani tulisema tunalosema siku zote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Darasani mwanafunzi anauliza: je, nina haki ya kulisema hilo kuhusu meli iliyopakia kupita kiasi? Ulaya waliuliza vivyo hivyo baada ya tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa.

Wanafalsafa wamelijibu kwa njia mbalimbali. Mwaka 1974 Alvin Plantinga alitetea kwamba Mungu akiumba viumbe walio huru kweli, hawezi wakati huohuo kuwalazimisha watende mema. Kwa hiyo Mungu na maovu kuwapo pamoja si mgongano wa kimantiki. Wengi, hata wasioamini, wamekubali kwamba jibu hilo lina nguvu. Lakini haliwafikii mtoto wa mwezi mmoja anayekufa kwa malaria, wala mnyama anayeungua msituni bila mtu kumwona. Mfano wa mnyama huyo ulitolewa na William Rowe mwaka 1979, na hakudai kwamba Mungu hawezekani. Alidai kwamba mateso ya namna hiyo yanafanya kuwepo kwake kusiwe na uwezekano mkubwa.

Upande wa Kiislamu kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu Al-Ash'ari na mwalimu wake Al-Jubbai, ambaye alikuwa Mu'tazila (kundi la wanateolojia wa Kiislamu waliotegemea sana akili) na alifundisha kwamba Mungu hufanya lililo bora kwa kila mja. Mwanafunzi akauliza habari za ndugu watatu: mmoja alikufa mchamungu, wa pili kafiri, wa tatu angali mtoto. Mtoto anauliza kwa nini hakuachwa akue apate daraja ya kaka yake. Anajibiwa: Mungu alijua ungekua ukaasi, akakuchukua mapema kwa heri yako. Hapo yule kafiri anapiga kelele motoni: mbona mimi sikuchukuliwa mapema? Mwalimu akanyamaza. Huenda kisa kimetungwa baadaye, lakini swali lake linasimama, na vijana wa madrasa huelewa uzito wake papo hapo.

Msimamo wangu ni huu. Hoja ya mateso ndiyo nzito kuliko zote, na muumini asiyeionea uzito hajaisikiliza. Lakini tutenganishe kujibu hoja na kumfariji aliyefiwa. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki zake ndio waliokuja na maelezo kamili ya kwa nini ameteseka, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, akisema Ayubu ndiye aliyenena ipasavyo. Usimpelekee mfiwa jibu la mtihani.

8. Kama kila kitu kina chanzo, nani alimuumba Mungu?

Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliacha hoja ya chanzo cha kwanza akiwa na miaka 18, aliposoma swali hili katika kitabu ambacho mwanafalsafa John Stuart Mill alisimulia maisha yake. Ni swali zuri, lakini linaipiga hoja ambayo watetezi wakuu hawakuitoa. Hawasemi kwamba kila kitu kina chanzo. Ghazali anasema kila chenye mwanzo kina chanzo, na ulimwengu una mwanzo. Ndiyo sababu alishupalia sana lile suala la kwanza nililolitaja katika jibu la 4. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, hakutegemea hata mwanzo wa wakati. Yeye anasema vitu vinavyotegemea vingine ili viwepo sasa hivi haviwezi kutegemeana bila kufika kwenye kisichotegemea kingine.

Swali gumu zaidi linalobaki ni hili: kwa nini kisichotegemea kingine kisiwe ulimwengu wenyewe? Russell alilisema mwaka 1948 katika mjadala wa redio ya BBC na padri Frederick Copleston: ulimwengu upo tu, basi. Hapo ndipo mjadala wa kweli unapoanzia, na ningependa mwanafunzi afike hapo kabla hajatangaza kwamba amemshinda mtu.

9. Jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa sababu ni jema?

Mwanafalsafa Mgiriki Plato ndiye aliyeliandika, kwa kinywa cha mwalimu wake Sokrates. Ukichagua la kwanza, inaonekana kwamba Mungu angeamuru ukatili, ukatili ungekuwa wema. Ukichagua la pili, inaonekana kuna kipimo cha wema kilicho nje ya Mungu. Mu'tazila walichagua la pili wakasema akili inaweza kulijua jema. Ash'ari, yaani wafuasi wa yule Al-Ash'ari, ambao ni wengi miongoni mwa Masunni hadi leo, walichagua la kwanza. Wakristo wengi hujaribu njia ya tatu: wema ni dhati ya Mungu mwenyewe, si amri yake wala kitu kilicho juu yake.

Matokeo ya swali hili maishani ni makubwa. Mwanafunzi aliyelelewa kuamini kwamba asiye na dini lazima awe mwizi anatambua kuwa yule jirani asiyesali ni mwaminifu kuliko mzee wa kanisa. Hilo halithibitishi kwamba Mungu hayupo. Linathibitisha kwamba alichofundishwa kuhusu jirani yake hakikuwa kweli.

10. Ningezaliwa kwingine ningekuwa na dini nyingine. Sasa yangu ina thamani gani?

Swali hili limewasumbua wanafunzi wa Kilimanjaro kuliko wengine. Mtu wa Machame ana uwezekano mkubwa wa kuwa Mlutheri na wa Kibosho kuwa Mkatoliki, kwa sababu tu wamisionari wa Leipzig walifika huku na mapadri wa Roho Mtakatifu wakafika kule. Mtoto yule yule angezaliwa Unguja angekuwa Mwislamu. Ghazali aliliona hilo zamani: watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Mayahudi hukua Mayahudi, wa Waislamu hukua Waislamu. Ndicho kilichomfanya aachane na taklidi (kufuata wengine bila kuuliza sababu) na kutafuta ujuzi ulio na yakini.

Mahali imani ilikotoka hapaamui kama ni ya kweli. Jedwali la kuzidisha nalo ulilipata kwa sababu ulizaliwa penye shule. Lakini jibu hilo halimalizi yote: jedwali unaweza kulihakikisha mwenyewe, na mwenzako wa China atapata jibu lile lile. Katika dini, watu waaminifu na wenye akili wanahakikisha kwa nguvu zao zote na bado wanatofautiana. Nadhani hilo linatudai unyenyekevu zaidi ya ule tunaouonyesha mitaani, hasa katika mihadhara ya kukashifiana dini. Halitudai kuacha kuamini.

11. Na shuhuda za miujiza? Nimeona kwa macho watu wakipona.

Mwanafalsafa wa Scotland David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba ushahidi wa muujiza unapaswa kupimwa hivi: ni lipi lisilo la kawaida zaidi, kwamba muujiza umetokea, au kwamba shahidi amekosea au amedanganya? Kumbuka mwaka 2011, watu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Shuhuda zilikuwa nyingi mno na wengi wa waliozitoa walikuwa wakweli. Wingi na ukweli wa moyo havikutosha kujibu swali la kama dawa iliponya.

Hume naye ana udhaifu. Kama nimeamua mapema kwamba hakuna ushahidi wowote unaoweza kutosha, basi sijapima kitu. Mwanafunzi wa dini anaweza kuchukua kipimo bila kuchukua hukumu, na akikitumia kwa shuhuda za dini ya jirani, akitumie pia kwa za kwake.

12. Vipi kuhusu mizimu, matambiko na imani za mababu? Au falsafa ni ya Wazungu tu?

Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, kwa hiyo hata huo ukoo unaoitwa wa Ulaya una Mwafrika katikati yake. Kwa upande wetu, John Mbiti wa Kenya, aliyekuwa pia kasisi wa Kianglikana, alichapisha mwaka 1969 kitabu kilichotumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza jinsi Waafrika wanavyouelewa wakati: marehemu anaendelea kuwepo katika sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Mkristo au Mwislamu anayedharau tambiko la bibi yake hujikuta anauliza tofauti ya kweli kati ya tambiko hilo na ibada yake iko wapi.

Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi (1944–1995) alikwenda mbali zaidi. Aliwahoji wazee vijijini kutafuta wanaofikiri kwa kujitegemea, si wanaokariri mila tu. Mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, alisema Mungu wa Wajaluo na wa Wazungu hawawezi kuwa tofauti, kwa kuwa miungu wengi wangeleta vurugu katika maumbile. Hiyo ni hoja kamili. Kwangu mimi kazi ya Oruka inatosha kuonyesha kwamba kuihoji imani ya kwenu si jambo lililoletwa na meli.

## Nyumbani na ibadani

13. Niendelee kusali au kufunga wakati nina shaka? Si unafiki huo?

Unafiki ni kuwadanganya watu kwa faida. Anayeswali huku anatafuta hadanganyi mtu. Katika Sahih Muslim kuna hadithi ya masahaba waliomlalamikia Mtume kuhusu mawazo mazito wasiyothubutu kuyatamka, naye akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Katika Marko 9:24 baba wa mtoto mgonjwa anasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na hafukuzwi. Mwanafalsafa Mfaransa Pascal alimshauri asiyeweza kuamini aanze kwa kutenda kama waumini.

Hata hivyo, ikiwa ibada imekuwa mateso na unashiriki kwa kulazimishwa tu, soma jibu la 14 na la 15 kabla hujafanya uamuzi.

14. Niwaambie wazazi?

Si lazima wiki hii. Wiki ya tatu ya muhula mtu husema "siamini tena", na kufikia mtihani amebadilika mara mbili. Kwanza tafuta mtu mmoja mzima anayesikiliza bila kushtuka: mwalimu, padri, shekhe, shangazi. Kama nyumbani kuna hatari ya kupigwa, kufukuzwa au kukatiwa ada, una haki ya kungoja mpaka uwe salama. Ukiamua kusema, wasimulie maswali yako badala ya kuwatangazia hukumu. Mama aliyekulea kwa sala husikia "Mungu hayupo" kama "malezi yako yalikuwa ya bure", hata kama hukukusudia hivyo.

15. Nitajuaje kama ni shaka au ni ugonjwa?

Shaka huuliza. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, humfungia mtu hata hamu ya kuuliza. Kama hulali, huli, huwezi kusoma, au unawaza kujiua, hilo si swali la falsafa: mwone mshauri wa wanafunzi au nenda hospitali leo, na mwambie rafiki akusindikize. Nimewahi kuona sonona ikitibiwa kwa maombezi peke yake kwa sababu mgonjwa alisema "nimempoteza Mungu", na muda wa thamani ukapotea.

16. Mimi ni mzazi. Mwanangu amerudi likizo hataki kwenda kanisani. Nifanyeje?

Mwaka 399 kabla ya Kristo watu wa Athene walimhukumu Sokrates kifo kwa kosa la kutoitambua miungu ya mji na kuwaharibu vijana. Hofu yako ni ya zamani sana, na ina haki yake. Lakini mwulize amesoma nini, kisha msikilize mpaka mwisho hata kama huelewi yote. Usimpeleke kuombewa kwa nguvu, na usimwambie kwamba unajuta kumsomesha. Vijana niliowaona wakivunja uhusiano na dini moja kwa moja walikuwa, karibu wote, wale ambao maswali yao yalijibiwa kwa adhabu.

## Hali za pekee

17. Mimi ni frateri na sidhani kama naamini tena. Nimesomeshwa na jimbo.

Mwambie mlezi wako wa kiroho, ambaye wajibu wake ni tofauti na wa gombera (mkuu wa seminari). Miaka ya falsafa ipo pia kwa ajili ya kupambanua, na kuondoka kabla ya daraja ya upadri si usaliti wala deni. Kubaki kwa sababu ya aibu ya kijiji ndiko kunakowaumiza watu baadaye, wewe na waumini wako. Lakini usiondoke kwa sababu ya hoja moja uliyoisikia Ijumaa. Rudi kwenye jibu la 6 ujiulize msukosuko wako ni wa aina ipi.

18. Mimi sina dini. Falsafa itanithibitishia niko sahihi?

Itakuhoji vilevile. Utaulizwa haki za binadamu zinasimama juu ya nini, kama akili iliyotokana na mabadiliko ya viumbe inaaminika katika metafizikia (maswali ya asili na uhalisi wa vitu), na kwa nini unaikubali sayansi ambayo hujaifanyia jaribio hata moja.

19. Mwalimu wetu anawacheka waumini darasani.

Hapo amekosea kazi. Kucheka si hoja, na hata asiyeamini hajifunzi kitu kwa kumwona mwenzake akiaibishwa. Mwombe kwa adabu aweke dharau yake katika umbo la madai na hitimisho ubaoni, darasa lipime. Akiendelea kuwatweza wanafunzi, idara ina mkuu wake na chuo kina utaratibu wa malalamiko.

20. Wewe mwandishi unaamini nini?

Naamini Mungu yupo, na ninasali. Hoja ya mateso sijaimaliza, na darasani naifundisha kwa nguvu zake zote, kwa sababu mwanafunzi asiyeamini aliye mstari wa mbele ana haki ya kuisikia vizuri kama nami nilivyoisikia. Sitoi alama kwa imani ya mtu.

21. Mtihani unanitaka nitetee hoja kwamba Mungu hayupo. Nikiandika nitakuwa nimekufuru?

Kueleza hoja si kuikiri. Ghazali aliandika kitabu kizima kinachoeleza mafundisho ya wanafalsafa kwa uaminifu kabla ya kuwapinga, na Aquinas huanza kila swali kwa pingamizi zinazoelekea kinyume na jibu lake. Katika swali la kama Mungu yupo, pingamizi la kwanza kabisa ni uovu. Kama dhamiri inakusumbua, tumia maneno kama "mtetezi wa hoja hii angesema", ambayo ni Kiswahili sahihi cha kitaaluma na hayakupunguzii alama. Kisha, kama swali linaruhusu tathmini, andika pingamizi lako katika aya ya mwisho. Wasahihishaji wengi huitafuta aya hiyo kwanza.